Barua ya wazi kwa wenye maduka ya gemu za simu: mlango uacheni wazi, shelfu zipangeni

Wakuu, habari za kazi.

Nawaandikia nyie mnaoendesha maduka ya gemu kwenye simu, wakubwa kwa wadogo, yale yanayokuja yameshawekwa mtu akinunua simu na yale ambayo mtu anayatafuta mwenyewe. Simtaji mmoja kwa jina kwa sababu ninayotaka kusema nimeyaona kote.

Mimi nina kibanda Morogoro, sio mbali na stendi ya Msamvu. Natengeneza simu, nabadilisha vioo, naweka protekta, na jioni nina pleistesheni mbili vijana wanacheza mpira kwa jero mechi moja. Ila kazi iliyonifanya nikae niandike hii barua ni nyingine, ya kuwawekea watu gemu. Mtu anakuja ananiambia kaka niwekee gemu kali isiyokula bando, mimi namrushia kwa Xender kutoka kwenye simu yangu, za bure tu, ananiachia jero au asiponiachia nayo sawa. Nina folda ina gemu 43. Kila moja nimeicheza mwenyewe kabla sijampa mtu, na nitawaambia mbele huko nazichagua vipi.

Wiki mbili zilizopita kuna mzee mmoja, huwa anacheza bao chini ya mwembe nyuma ya kibanda changu, alikuja na simu aliyonunuliwa na binti yake. Akaniambia mwanangu nitafutie bao humu, siku nikikosa mtu nicheze na simu. Nikamwamkia, nikamkalisha kwenye benchi, nikaandika "bao" dukani. Zikaja gemu za mpira, sawa, bao ni goli pia hilo naelewa, halafu zikaja mankala, mankala, mankala, nyingi kweli, kila moja ina picha yake na rangi yake lakini ukizifungua ni mashimo sita huku sita kule na ghala mbili pembeni, kitu kilekile, na katikati yake zimejipenyeza mbili za kuzungusha gurudumu la bahati ambazo hazina uhusiano wowote na bao wala hiyo mankala. Tukashusha moja iliyokuwa juu kabisa. Mzee akaisogeza mbali na macho akaiangalia, akauliza, "Nyumba iko wapi?" Nikamwambia hii haina nyumba. Akauliza kete ngapi, tukahesabu pamoja, 48. Kabla hajasema kitu tangazo likajaa kioo kizima, sekunde thelathini, la gemu ya kuchanganya pipi.

Sasa wakuu, bao ni mashimo 32 na kete 64. Mnaanza kila mtu ana kete 22 mkononi za kunamulia, yaani za kuingiza ubaoni moja moja, nyingine kumi zimeshapangwa ubaoni, sita kati ya hizo zimekaa kwenye nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji. Kete za mkononi zikiisha ndio mnaingia hatua ya pili, mtaji, kuna kula, kuna kutakata, yaani kusogeza kete bila kula, na kuna namna ya kuilinda nyumba yako ambayo watu wanajifunza miaka. Ndio mchezo aliokuwa anaupenda Mwalimu Nyerere. Mzee alinirudishia simu akasema hii ni ya watoto wa chekechea, akaondoka. Bando la buku nililomuungia asubuhi likawa limeshamegwa vibaya kwa kitu alichokichezea dakika nne.

Kilichoniuma zaidi ni usiku. Nimefunga kibanda, nikarudi kutafuta tena kwa utulivu, nikashuka chini na chini zaidi mpaka kidole kimechoka, nikaikuta moja ya bao la kweli. Ina nyumba, ina kete 64, kila kitu. Imetengenezwa na mtu mmoja, miaka mingi haijapata apdeti, na simu mpya ya mzee ikaikataa. Kwa hiyo gemu ilikuwepo. Mtu aliikesha akaitengeneza, akaileta dukani kwenu, mkaipokea, mkaiweka nyuma ya mankala mia moja mpaka ikafia huko huko na mwenye nayo akakata tamaa.

Ndio maana nikisikia watu wanabishana kama maduka ya gemu yachuje au yasichuje, naona wanaliacha jambo lenyewe. Hapa kibandani ubishi huo upo karibu kila jioni. Kuna kijana anasoma chuo, yeye anasema waacheni wote waingie, watu wenyewe watachagua, mbovu itakufa. Kuna mwingine fundi seremala, yeye anasema fagieni, gemu elfu moja zinatosha dunia nzima. Mimi nimewasikiliza wote na kila mmoja ana kipande cha ukweli, ngoja niseme navyoona.

Wa kufagia ana historia upande wake. Mwaka 1983 kule Marekani soko la gemu za nyumbani lilianguka, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba kila kampuni ilikuwa inatoa katriji, zile kaseti za gemu, nyingine hazina hata mwezi wa kutengenezwa vizuri, mzazi ananunua anafika nyumbani anakuta takataka, mwisho watu wakaacha kununua kabisa, mbovu na nzuri zikaenda pamoja. Soko la mabilioni ya dola likashuka mpaka kwenye kama dola milioni 100 ilipofika 1985. Atari, kampuni kubwa ya gemu wakati ule, walienda kufukia makatriji yao jangwani Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 watu wakayafukua, yalikuwepo kweli. Halafu Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, walipoingia Marekani wakaweka mlango mgumu, wakaweka chipu ya kufungia mashine isikubali katriji isiyo na ruhusa yao, wakaweka na muhuri, na kila kampuni ikaambiwa mwisho gemu tano kwa mwaka. Watu wakarudi kununua. Hilo siwezi kulibisha.

Lakini angalieni kilichotokea kwenye zile gemu tano. Konami, mmoja wa watengenezaji hao, wakafungua kampuni ya pili ikaitwa Ultra Games, basi, wakapata tano nyingine. Mwenye uwezo mlango mgumu haumsumbui, atatafuta dirisha. Anayebaki nje ni yule asiye na hela ya kufungua hata kampuni ya kwanza, na huyo ndio mtu wa kwetu. Ukileta leo mlango wa namna ile, kwa ada kubwa au kwa kujuana au kwa kutaka ofisi na barua za mwanasheria, makampuni ya gemu za pipi yataingia yote na kijana wa Kihonda hapa Morogoro mwenye laptopu ya mkono wa pili atabaki anachungulia.

Na wa kuacha wazi naye ana watu wake wa kuwaonyesha. Mwaka 2013 kijana wa Hanoi, Dong Nguyen, aliweka gemu ya ndege wa kugusa gusa, Flappy Bird, hana kampuni, hana matangazo, mwanzoni mwa 2014 dunia nzima inaicheza. Mlangoni angekuwepo bosi wa kuchagua asingempitisha, gemu yenyewe ina mabomba na ndege basi. Karibu zaidi na sisi kuna Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu mpaka zikafika dola 300 za kumnunulia laptopu, na kuichaji tu alikuwa anatembea masaa matatu. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza Salaam, gemu ya amani, akaisambaza kwa Facebook maana huko ndiko watu aliowajua walikuwa. Kameruni Kiro'o Games walitoa Aurion, hadithi ya Kiafrika kabisa, ikaingia Steam, duka la gemu za kompyuta, mwaka 2016 baada ya watu wa kawaida kuipigia kura. Waganda wana karata yao ya Matatu ambayo Kola Studios waliiweka kwenye simu. Hizi zote zilihitaji mlango ulio wazi.

Kwa hiyo mlango uacheni wazi. Hapo nipo na yule wa chuo.

Ambapo namkatalia ni pale anaposema mbovu itakufa yenyewe. Haifi. Flappy Bird, Nguyen mwenyewe alipoiondoa Februari 2014, kilichofuata ni mvua ya ndege, ndege mwenye kofia, samaki, nyuki, kila mtu kaiga, mpaka maduka yakaanza kukataa gemu zinazojiita Flappy. Mwaka huo huo kuna jamaa walitoa Threes, ya kuunganisha namba, waliyokaa miezi 14 wanaitengeneza, haijamaliza hata miezi miwili sokoni kaja kijana mwingine na 2048 aliyoitengeneza wikiendi moja, na yeye alikuwa ameigia toleo ambalo nalo limeigwa, yake ikawa ya bure, na nakala za hiyo nakala ndizo zimejaa kwenye maduka yenu mpaka leo. Gemu mbovu haifi kwa sababu kuitengeneza hakuna gharama na kila anayeijaribu mara moja ameshaacha hela, hata kama ameifuta baada ya dakika mbili. Ameangalia tangazo. Inatosha.

Wenzenu wa gemu za kompyuta, Steam, wameshapita njia hii yote na mngewaangalia. Mwanzo walikuwa wanachagua wenyewe, zinaingia chache, watu wanalalamika wanaachwa nje. Mwaka 2012 wakaleta Greenlight, watu wapige kura. Kura zikaanza kununuliwa na kubembelezwa, watu wanagawa gemu za bure wapate kura. Mwaka 2017 wakaiua, wakaweka ada ya dola 100 kwa kila gemu, ambayo unarudishiwa ukishauza za dola 1,000. Mwaka huo huo wakaondoa gemu zaidi ya 170 za mtu mmoja, zilizotengenezwa kwa kununua vipande vilivyo tayari na kuvibandika, jina jipya, picha mpya, ndani kitu kimoja. Na mwaka 2018 wakatangaza kwamba wataruhusu kila kitu isipokuwa kinachovunja sheria au kilichotengenezwa kuchokoza watu tu, na nguvu zao watazipeleka kwenye kumpa mteja vifaa vya kujichagulia. Watu wengi waliwatukana. Mimi nusu ya maneno yale nayakubali, ile ya vifaa. Mwaka 2024 peke yake zimeingia kwao gemu zaidi ya 18,000, hiyo ni kama 50 kwa siku, hakuna binadamu wa kukaa mlangoni kuzicheza zote, ila angalau kule mtu anafungua anachagua kwa mamia ya alama za aina ya gemu, anaficha asichotaka, anafuata watu anaoamini wanachagua vizuri, na akinunua akakuta sio yenyewe anarudishiwa hela kama hajafikisha masaa mawili na siku 14 hazijapita.

Sasa hapo kwenye kurudishiwa ndio nataka mnisikilize vizuri, maana hapo ndipo nyie na sisi hatuonani kabisa.

Gemu za kwenye simu nyingi mnasema ni za bure, kwa hiyo mnahesabu kwamba mtu akishusha mbovu hajapoteza kitu, anaifuta anashusha nyingine. Huku hakuna gemu ya bure. Dereva boda anakuja na bando la buku la siku nzima, hilo hilo la kujibu wateja, la kutafuta ramani, la kuongea na mama watoto kwa WhatsApp. Anaona gemu imeandikwa MB 70, anajipiga moyo konde anashusha. Anaifungua, inamwambia subiri tunamalizia, na hapo inaanza kuvuta nyingine MB 600 ambazo hazikuandikwa popote alipoangalia, bando linaisha katikati, gemu haijafunguka, na hata zile MB alizokwisha kuzivuta zimekaa zinajaza memori. Nimeliona hili kwa macho yangu mara nyingi mno, mtu kashika simu anaiangalia tu. Hiyo hela nani anamrudishia? Mtandao wa simu hauhusiki, mwenye gemu yuko nchi nyingine, nyie mnasema gemu ni ya bure.

Kwenu kuchuja ni habari ya ladha, gemu nzuri gemu mbaya nani aseme. Kwa mteja wangu kuchuja ni hela ya matumizi.

Halafu kuna uongo wa picha. Mnaujua, yule jamaa amenasa kwenye maji anataka kuzama, kuna pini tatu uchomoe ipi, mtoto anaona anasema baba nataka hiyo, unashusha unakuta ni ya kupanga maua ya rangi tatu. Uingereza mamlaka yao ya matangazo mwaka 2020 ilizipiga marufuku tangazo mbili za namna hiyo, za Homescapes na Gardenscapes, kwa sababu zilionyesha mchezo ambao sio mnaokwenda kuucheza. Kule kuna wa kumlalamikia. Huku mtoto analia, baba anafuta, kesho linakuja tangazo lingine na pini zilezile. Na picha za namna hiyo zipo hata kwenye kurasa zenu wenyewe, sio kwenye matangazo ya mitaani, kwenye shelfu lenu, juu kabisa, pembeni zimewekewa nyota nne na nusu. Nyota zenyewe nimeshaona gemu inamwambia mtoto nipe nyota tano nikupe sarafu 200, mtoto wa miaka tisa atafanya nini?

Niwaambie sasa ile folda yangu ya gemu 43 nimeipangaje, maana sijasoma popote, nimefundishwa na wateja.

Gemu mpya naishusha usiku kwa bando la usiku. Ikimaliza naizima data kabisa, naweka simu hali ya ndege, naifungua. Isipofunguka imeisha hiyo. Zipo zimejiandikia kabisa kwenye jina kwamba zinachezwa bila data, zinafunguka vizuri, unacheza raundi ya kwanza ya pili, ya tatu inakwambia unganisha intaneti ili uendelee, hizo ndio nazichukia kuliko zote kwa sababu mtu anakuwa ameshanogewa. Ikivuka hapo naicheza nusu saa. Halafu nawasha data naangalia matangazo yanakuja kila baada ya muda gani na alama ya kufungia inaonekana au imefichwa ili ukosee uguse tangazo. Halafu naiweka kwenye simu moja ya zamani ya memori ya GB 2 ambayo kioo kimepasuka pembeni, nimeitunza makusudi kwa kazi hiyo, ikikwama kwama simpi mtu, maana simu nyingi za watu wangu ndio za hivyo. Halafu mwisho naangalia, hivi hii ninayo? Kama ni ya kukimbia barabarani unaruka treni na tayari ninazo mbili, ya tatu lazima iwe bora kuliko mojawapo, na hiyo iliyozidiwa naitoa. Ndani ya zile 43 kuna drafti, kuna karata, kuna za magari, kuna ya kupika, kuna za mafumbo, kuna ya kilimo, kuna mbili za kujifunza hesabu ambazo walimu wawili wameshakuja kuziomba. Mtu anachagua kwa dakika tano anaondoka ameridhika.

Mimi nina simu mbili na benchi. Nyie mna mashine za kupima vyote hivi usiku mmoja kwa gemu zote mlizonazo. Mnaweza kuizima data mkaona kama inafunguka na kama inaendelea. Mnaweza kuandika ukubwa wa kweli, ule wa mpaka mtu aanze kucheza, kwa herufi kubwa pale pale kwenye kitufe cha kushusha. Mnaweza kuonyesha tangazo ni kila dakika ngapi. Mnajua kabisa gemu ipi watu wanaifuta dakika ya pili, hesabu hiyo mnayo nyie peke yenu, sasa kwa nini gemu inayofutwa na karibu kila mtu inakaa ukurasa wa mbele? Nakala zilizofanana ziwekeni kwenye fungu moja, mtu akifungua fungu aione ile ya asili kwanza na nyingine ziwe nyuma yake kwa atakaye. Hamjamfungia mtu mlango hapo, mmeacha tu kumpa kila mwenye kuiga nafasi ya mbele. Za kufanana na kasino, hata kama zinachezwa kwa sarafu za uongo, zitoeni kabisa kwenye matokeo ya mtoto, na mtu mzima asiyezitafuta asiletewe. Hili silijadili na mtu. Nimeona vijana walioanza na gurudumu la sarafu za uongo wakiwa darasa la sita na leo wanaweka mkeka kila siku kwa hela ya chakula.

Na tuwekeeni watu. Mashine peke yake haijui kwamba bao ni goli na bao ni kete, ila mtu yeyote wa hapa Msamvu anajua. Kiswahili kinasemwa na watu zaidi ya milioni 200, UNESCO ndio wanasema, na mwaka 2021 wakakipa na siku yake, tarehe 7 Julai. Lakini ukifungua duka kwa Kiswahili unakuta vitufe vimetafsiriwa na gemu za mbele ni zilezile za kila mahali. Chukueni watu watano, sita, mmoja Mombasa, mmoja Zanzibar, mmoja Bukavu, mmoja Kampala, muwalipe, wapeni shelfu moja tu la mbele walipange kila wiki kwa kucheza kwa mikono yao. Majina yao yawepo ili wakituletea ujinga tujue wa kumuuliza. Mtengenezaji asilipie kukaa hapo. Siku mtakayoanza kuuza nafasi ya shelfu hilo limekufa.

Kuna jambo la mlango pia nimeliona kwa karibu mwezi huu. Yule kijana wa chuo niliyewaambia, baada ya kusikia habari ya mzee, ameamua kutengeneza bao. Anaandika usiku, mchana anakuja kwenye benchi langu kuchaji. Amefika mahali pazuri, sasa duka analotaka kuiweka linamtaka apate watu 12 wa kuijaribu gemu siku 14 mfululizo kabla haijaruhusiwa. Naelewa kwa nini mmeweka, mnataka kuzuia wale wa kubandika gemu ishirini kwa siku, na mimi ndio nimetoka kulalamika habari yao. Lakini mwenye akaunti ya kampuni sharti hilo halimgusi, linamgusa mwenye akaunti mpya ya mtu binafsi. Huyu amewaokota kwenye benchi, muuza chips, fundi viatu, makondakta wawili, wanafunzi wenzake. Mara ya kwanza ilimvunjikia siku ya sita kwa sababu watu wawili simu zilijaa wakafuta gemu wapate nafasi ya picha za harusi, hesabu ikashuka, akaanza upya. Mngeweza kuangalia gemu yenyewe kama ni mpya au imebandikwa, kuliko kuhesabu marafiki. Aliyeleta kitu ambacho hakuna mwingine dukani mpunguzieni masharti. Anayeleta mankala ya mia moja na moja huyo ndio mhesabieni watu, hata hamsini.

Leo ni siku ya tisa ya awamu ya pili. Wote 12 bado wapo, nimewaandika kwenye karatasi nimeibandika ukutani karibu na chaja, kila jioni nawauliza. Wa kumi na mbili ni yule mzee. Siku ya kwanza tu aligundua kosa, simu ilikuwa inamruhusu mtu atakate wakati kete za kula anazo, na kwenye bao mwenye kula lazima ale. Kijana amelirekebisha usiku uleule. Jana mzee amekuja tena anasema nyumba ikiliwa isilie mlio wa furaha, aliyeliwa nyumba ana msiba, kijana anatafuta mlio mwingine.

Zimebaki siku tano. Ikipita itaingia dukani kwenu, na mzee ameshaniambia hataki nimrushie kwa Xender, anataka aandike mwenyewe "bao" aione. Itakuwa ya ngapi?

Ni mimi fundi simu, Morogoro.